Kwenda Cheongdo Kuchuma Gam

Watu wa Hupo, mji mdogo wa bandari huko Korea, walikuwa wakisema kwamba Pyo Dasom ana jicho la tatu kisogoni, na hawakusema hivyo kwa kumsifu. Msichana huyo akipewa zawadi, huuliza kwanza ni ya nini. Akisalimiwa na asiyemjua, huitikia huku miguu imeshaanza kuondoka. Lakini hakuzaliwa hivyo. Alifanywa hivyo, na waliomfanya walikuwa watu wa tabasamu.

Alikuwa darasa la tano wakati mama yake, aliyekuwa akianika ngisi bandarini pamoja na wanawake wenzake, alipopata rafiki mpya. Rafiki huyo alikuwa mwanamke mpole wa mikono laini, aliyefika kila asubuhi na chai ya tangawizi, akakaa juu ya kreti la samaki na kumsikiliza Mama Dasom akimlilia mume aliyekimbia. Baadaye akamwalika matembezi ya siku moja mlimani. Mama akaenda, akarudi akiimba. Akaenda tena, akachelewa kurudi. Safari ya tatu hakurudi. Kundi lile lilijiita Nyumba ya Umande, na Dasom akalelewa na bibi yake mpaka alipovunja ungo, akimwona mama yake mara chache tu, siku za sikukuu, amekaa na dada wawili wa kundi pembeni yake kama mfungwa na askari.

Kisha siku moja mama akaingia uani na mfuko wa plastiki mkononi, shavu limevimba, akapita moja kwa moja jikoni kwa bibi na kuanza kuosha mchele. Hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye hakusema kitu. Jambo lile likakaa ndani ya nyumba kama kidonda kilichopona vibaya: kila mtu anajua kilipo, na kila mtu anapita mbali asikiguse.

Kwa hiyo Dasom alipokwenda Daegu kusomea uuguzi, alikwenda amejifunga kibwebwe. Alipanga chumba kidogo nyuma ya chuo na jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha kitasa. Wale vijana wa kwenye vivuko vya barabara, wanaokusimamisha na kukuambia uso wako una nuru ya pekee, aliwajibu, "Na wako una haraka ya pekee," akapita. Hakuwa na adui, na rafiki hakuwa naye pia.

Ndipo akatokea Ham Yerin.

Yerin alikuwa mwaka wa mwisho na alifanya kazi ya saa chache maktabani. Alianza na mambo madogo. Alimhifadhia Dasom kiti karibu na dirisha wakati wa mitihani. Alimwekea mezani kopo la kahawa ya moto. Siku ya mvua alimpa mwavuli wake na kuondoka amejifunika begi kichwani. Dasom aliyapokea yote hayo kama mtu anayepokea sahani ya moto, kwa ncha za vidole. Wema usio na sababu aliwahi kuuona, nao ulimla mama yake.

Kilichomtia hofu hasa ni swali moja. Walikuwa wakirudisha vitabu kwenye rafu, Yerin akauliza kama kwa bahati tu, "Mama yako hajambo siku hizi? Yuko nyumbani?"

Dasom hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale chuoni habari za mama yake. Akajibu kwamba hajambo, akaendelea kupanga vitabu, lakini moyoni mlango ulikuwa umeshafungwa na komeo kutiwa.

Wiki iliyofuata Yerin akamwalika. Kwao Cheongdo gam zimeiva, alisema, yale matunda mekundu yenye umbo la nyanya yameinamisha matawi na hakuna wa kuyachuma; wanafunzi kadhaa wanakwenda Jumamosi, watashinda huko na kurudi jioni. Halafu akashusha sauti. "Ila usimwambie mtu hapa chuoni kwamba unakuja kwetu. Nitakueleza baadaye."

Mwenye akili timamu angekataa, na Dasom alitaka kukataa. Lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyomsukuma. La kwanza, alitaka kumkamata mwizi mkono ukiwa bado mfukoni. Zamani alikuwa mtoto, hakuweza kumkamata yule mwanamke wa chai ya tangawizi. La pili lilikuwa la aibu, na hata yeye hakupenda kulitazama usoni: katika miaka yake yote ya Daegu, Yerin alikuwa mtu wa kwanza aliyetamani kumwamini.

Akamjulisha binamu yake Taeok, fundi wa magari aliyekuwa akiishi upande wa pili wa jiji. Walipatana kwamba Dasom atamwandikia ujumbe mara kwa mara, na akinyamaza, Taeok aje na gari na spana yake kubwa. Taeok akajibu kwamba wakimtoa figo, baiskeli yake amwachie yeye.

Jumamosi, kwenye stesheni ya Daegu, Yerin alikuwa amesimama peke yake na mikate miwili ya maharage matamu.

"Wengine wako wapi?" Dasom akauliza.

"Wameghairi," Yerin akasema, akitazama ubao wa treni.

Dasom akamwandikia Taeok: *Wengine wameghairi.* Taeok akajibu: *Bila shaka hawakuwepo toka mwanzo. Rudi.* Lakini treni iliingia, na Dasom akapanda. Mkate hakuula. Alisema ameshiba, akautia mkobani, na njia nzima akawa anamtazama Yerin kupitia kioo cha dirisha. Yerin alikuwa akitafuna kucha. Wale watu wa zamani, Dasom akawaza, hawakuwa wakitafuna kucha. Walikuwa wametulia kama maji ya mtungini. Lakini huenda huyu bado mgeni katika kazi.

Cheongdo walipokewa na mzee mmoja aliyekuwa ndani ya gari dogo la mizigo, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Yerin alimtambulisha kuwa ni baba yake. Mzee akainamisha kichwa, akasema karibu, kisha hakusema tena neno mpaka walipofika. Dasom, aliyebanwa katikati yao, alimtumia Taeok namba za gari lile simu ikiwa imefichwa chini ya mkoba.

Shamba lilikuwa shamba kweli. Hilo halikuwa uongo. Mteremko mzima ulikuwa mwekundu kwa gam, ngazi zimeegemezwa kwenye miti, makreti ya bluu yamepangwa njiani. Walipewa glavu na mikasi, wakachuma. Baba Yerin alimwonyesha jinsi ya kukata kikonyo kifupi ili tunda lisichome wenzake kwenye kreti, na alipoona Dasom anaelewa upesi akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyesahau namna ya kufanya hivyo. Jua lilikuwa zuri. Mbwa alikuwa amelala chini ya ngazi. Kwa muda fulani Dasom alijikuta anaimba chini kwa chini, na hapohapo akanyamaza kwa hofu, maana hata mama yake alirudi akiimba.

Mchana wakaitwa kula.

Mama Yerin alitoka jikoni na sinia: mchuzi wa samaki wa matopeni, wali, kimchi ya figili zilizochachushwa kwa pilipili, majani ya ufuta yaliyotiwa chumvi. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele zimebanwa nyuma, na alimtazama mgeni kwa upole mwingi kupita kiasi. Akauliza jina lake, na akauliza kama analala vizuri usiku. Wakaketi. Ndipo yule mama akainua mikono yake, akagusisha vidole gumba viwili katikati ya paji la uso, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu.

Kijiko kikamponyoka Dasom.

Alikuwa amemwona mama yake akifanya vilevile kwenye meza ya bibi, kila sikukuu, mchuzi ukipoa na bibi akigeuka pembeni kufuta machozi. Watu wa kawaida hawafanyi hivyo. Ni watu wa Umande peke yao.

Akasema anakwenda msalani. Alipita msalani, akapita banda la makreti, akapita mbwa, akatokea barabarani na kuanza kutembea haraka kuelekea kulikotoka gari. Hakukimbia, maana bibi yake alimfundisha kwamba mbwa hufukuza kinachokimbia. Alimtumia Taeok maneno mawili tu: *Ndio wao.*

Nyuma yake akasikia viatu. Yerin alikuja anahema, mkasi bado mkononi.

"Kaa hukohuko," Dasom akasema.

Yerin akasimama. Akautazama mkasi, akautupa mtaroni. Kisha akaeleza yote, wamesimama na hatua kadhaa baina yao, katikati ya barabara. Wanafunzi wengine hawakuwepo kamwe, hilo alidanganya. Mama yake aliingia Nyumba ya Umande mwaka juzi. Kila Jumamosi gari la kundi humchukua kwenye kusanyiko, na sasa wameanza kumwambia ahamie huko moja kwa moja. Baba yake ameomba, amegomba, amelia, ameishiwa. Yerin akasikia kwa mwanafunzi mmoja wa Hupo kwamba mama yake Dasom aliwahi kuingia na akatoka. Na alimwomba asimwambie mtu kwa sababu kundi lina vijana wake chuoni; wangejua ameleta mtu kama huyo nyumbani, mama angehamishwa kesho yake.

"Nilitaka tu umwone," Yerin akasema. "Nilidhani ukimwona utajua la kumwambia. Nilitaka kukueleza kwenye treni, nikaogopa utashuka."

Dasom alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kikavu. "Hilo nalo wanawafundisha kusema. Mlienda kwa mama yangu mkijifanya mnamwonea huruma, mnakuja kwangu mkijifanya mnataka kuonewa huruma."

"Nifanye nini uniamini?"

"Mtukane Baba wa Umande."

Hilo Dasom alilijua: watu wa kundi hawawezi kulitaja jina la mkuu wao bila kuinama, sembuse kumtukana. Yerin hakusita. Alivuta pumzi akaanza. Alimwita mzee huyo ngozi ya figili iliyooza, mla nyumba za watu, kambare wa bwawa la choo, mwenye uso kama kiatu kilichonyeshewa. Mkulima mmoja alikuwa akipita na trekta lake dogo. Akapunguza mwendo, akamtazama binti wa jirani yake akifoka peke yake hewani, akatikisa kichwa na kuendelea. Yerin alimaliza yote aliyokuwa nayo akabaki analia.

Dasom karibu alainike. Lakini akakumbuka kwamba kundi lina ruhusa ya uongo; kwao kuna uongo mtakatifu, wa kuvulia watu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huu haukuwa unyasi tu, ulikuwa na rangi ya nyoka yuleyule.

"Nataka kwenda nyumbani," akasema.

Alisubiri abembelezwe. Alisubiri mkono umshike kiwiko, sauti laini imwambie ale kwanza, apumzike kwanza, mvua itanyesha. Hivyo ndivyo wanavyofanya. Hawamwachi mtu aondoke. Yerin akajifuta uso kwa glavu akasema basi la kwenda stesheni linapita palepale. Akaketi ukingoni mwa mtaro kulingoja pamoja naye. Basi lilipotokeza kwenye kona, ni Yerin aliyeinua mkono kulisimamisha, maana madereva wa njia ile hawasimami usipopunga. Dasom akapanda. Alipogeuka nyuma alimwona Yerin anashuka mtaroni kutafuta mkasi wake.

Aliketi. Basi lilipita kituo cha kwanza. Ni kule kupunga mkono kulikomtesa. Aliligeuza jambo hilo kila upande akitafuta mahali hila ilipojificha, asiipate, na kutoipata kukamtia wasiwasi mpya. Kituo cha pili akabonyeza kengele, akashuka, akasimama kando ya ukuta wa mawe na kumpigia mama yake.

Hawakuwa wakipigiana simu ila kwa mambo ya nguo na chakula. Dasom akamweleza kwa kifupi, akitegemea kuambiwa akimbie. Upande wa pili kulikuwa na kelele za ndege wa baharini na upepo.

"Anakula?" mama akauliza hatimaye. "Huyo mama. Anakula vizuri?"

"Mwembamba sana."

"Mpelekee simu."

Dasom akarudi kwa miguu. Njiani akamwandikia Taeok, aliyekuwa ameshawasha gari, kwamba angoje kidogo. Taeok akamwandikia kwamba ama amerogwa ama ni mjinga, achague moja.

Walikuwa bado uani. Mchuzi umepoa, baba ameinamia magoti yake, Yerin anamenya gam za kukausha bila kutazama anachofanya. Dasom hakusalimia. Alimpigia tena mama yake, akampa Mama Yerin simu akasema, "Mama, kuna mtu wa Hupo anataka kukusalimu." Na kwa sababu hakumwamini mtu pale, alibonyeza kipaza sauti, asikie kila neno.

"Mama Yerin," sauti ikasema, "mimi sikujui na wewe hunijui. Sitakuambia utoke. Walioniambia mimi nitoke walinikaza zaidi. Nitakuambia tu nilivyotoka."

Mama Yerin aliishika simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua.

"Jino liliniuma. Wakasema niombe. Nikaomba mpaka shavu likawa kama mkate wa mvuke. Mwisho dada mmoja akanihurumia, akaniacha niende mjini peke yangu. Nilipotoka kwa daktari, midomo imekufa ganzi, nikasimama kwenye kibanda nikanunua kijiti cha keki ya samaki na supu yake. Nikala. Supu inanimwagikia kidevuni, sisikii. Ndipo nikagundua hakuna mtu anayenitazama ninavyokula. Miaka yote ile palikuwa na mtu ananitazama ninavyokula, na sikuwa nimejua. Basi likaja, nikaliacha lipite. Jingine likaja, nikaliacha. Sikutoka kwa akili, Mama Yerin. Sikutoka hata kwa ajili ya mtoto wangu. Nasema hivi na mtoto mwenyewe ananisikia. Nilitaka tu kumaliza ile supu."

Dasom alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha yule mama. Aliangalia chini. Miaka yote alikuwa amejiambia kwamba mama alirudi kwa sababu yake, na hilo ndilo jambo pekee katika habari ile ambalo hakuwahi kulishuku.

Mama Yerin akasema asante kwa maneno yako, akarudisha simu kwa adabu, akaketi kumenya gam. Jioni gari la kundi lilipiga honi langoni, akavua aproni, akaenda zake kusanyikoni kama kila Jumamosi. Kabla ya kutoka alimgeukia Dasom. "Mama yako anaishi na nani sasa?"

"Na wajomba zangu wawili," Dasom akasema papo hapo. "Wakali."

Hakuwa na mjomba hata mmoja.

Kwenye treni ya kurudi yeye na Yerin walikaa viti mbalimbali. Yerin alitaka kuomba msamaha, Dasom akamwambia si leo.

Baridi ilipoingia, simu ya Mama Dasom ikaanza kulia alfajiri. Mpigaji alikuwa Mama Yerin. Namba aliikariri siku ile alipoishika simu. Siku nyingine hakusema kitu, alihema tu. Siku nyingine aliuliza kama bahari imechafuka. Dasom aliposikia hayo, damu ilimchemka. Alimwambia mama yake kwamba hizo ni mbinu, wanamrudia taratibu, kundi linamkumbuka aliyelitoroka.

"Najua," mama akasema. "Mimi mwenyewe niliwahi kuwapigia watu simu za namna hiyo."

"Sasa kama anakuvuta?"

"Ananivuta, namvuta. Tutaona nani mwenye mikono ya nguvu. Mimi naanika ngisi."

Baada ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, Mama Yerin akaja Hupo kwa basi. Dasom, aliyekuwa likizo, alikwenda kituoni mapema, akajibanza nyuma ya mashine ya vinywaji, akamkagua kila abiria aliyeshuka. Yule mama alishuka wa mwisho, peke yake, na furushi la kitambaa. Dasom hakujitokeza mpaka basi lilipoondoka na barabara kuwa tupu. Nyumbani alitandika godoro lake katikati ya wanawake wawili, na kila mmoja alipogeuka usingizini, yeye alifumbua macho. Mgeni alikuwa amesema atakaa siku mbili. Alikaa mpaka theluji ilipoyeyuka, na kwenye Nyumba ya Umande hakurudi tena, ingawa Yerin anasema Jumamosi jioni bado huvaa vizuri na kukosa pa kukaa.

Lakini asubuhi ile ya kwanza hakuna aliyejua hayo. Dasom alizinduka alfajiri akakuta magodoro yote mawili yamepoa. Alitoka mbio na ndala, bila koti, akashuka bandarini. Akawakuta kwenye kamba za kuanikia, wamejifunga mitandio, mvuke unawatoka midomoni. Mama yake alikuwa akimfokea mgeni kwamba ngisi hafungwi hivyo, atakauka amekunja miguu kama chura.

Dasom hakuwaendea. Alichutama nyuma ya rundo la makreti, akatega sikio. Walizungumza juu ya magoti yanayouma, wakazungumza juu ya wanaume wanaokoroma. Alingoja wafikie lile jambo, neno la mlima, neno la mwaliko. Hawakulifikia. Aliendelea kusikiliza hata hivyo, mpaka vidole vya miguu vilipokufa ganzi kwa baridi, ndipo akasimama, akachukua kijiti kwenye ndoo, akaanza kuwatanua ngisi miguu.